Namna ya kumpendekezea mtu filamu ya makala au filamu huru ya kutazama nyumbani

Mtu akiombwa kupendekeza filamu, mara nyingi hukimbilia kutaja ile iliyomgusa yeye, akasahau kwamba anayeuliza ana sebule yake, watu wake na saa zake. Hapa Tanga, ambako runinga moja hutazamwa kwa pamoja na bibi, wajukuu, shemeji aliyeteremka kutoka Lushoto na jirani aliyeingia kuazima chaja, filamu haichaguliwi kwa ajili ya mtu mmoja. Kwa hiyo kabla ya kutaja jina lolote, uliza nani watakuwepo, nani kati yao anaweza kusoma maandishi ya chini ya picha bila kuchoka, na wana muda gani baina ya sala ya Isha na kulala. Majibu hayo yataondoa filamu nyingi ulizokuwa umezifikiria, na afadhali ziondoke mapema kuliko watu kusinzia katikati.

Lugha ndiyo inayoangusha mapendekezo mengi. Filamu za makala zinazosifiwa duniani huzungumza Kiingereza, Kifaransa au Kijerumani, na hata zile zenye tafsiri huwa na maandishi ya Kiingereza tu. Vijana waliozoea filamu zilizotafsiriwa kwa sauti za madijei hawana subira na maandishi, na wazee wenye macho hafifu hawayaoni kabisa. Dawa niliyoiona ikifaa katika nyumba moja ya Makorora ni kumkabidhi mtu mmoja kazi hiyo: binti wa kidato cha tatu alikaa kando ya bibi yake akamweleza kiini cha kila mazungumzo, bila kujilazimisha kufuata neno kwa neno, huku akisimamisha picha kila bibi alipouliza, "Huyu si ndiye yule wa mwanzo?" Filamu iliwachukua muda mrefu kuliko ilivyoandikwa, na hakuna aliyelalamika. Ukipendekeza filamu ya lugha ya kigeni, pendekeza na msomaji wake.

Pa kuanzia ni filamu ambazo masikio ya nyumbani yatazipokea bila msaada mkubwa. Kwa mpenda hadithi, taja Vuta N'Kuvute ya mwaka 2021, iliyoongozwa na Amil Shivji kutokana na riwaya ya Adam Shafi, ambayo inasimulia mapenzi na harakati za siasa katika Unguja ya miaka ya 1950. Wengi waliosoma riwaya hiyo watataka kuona kilichoachwa na kilichobaki. Kwa wazee wanaokumbuka enzi za Black Star na Lucky Star, vikundi vya taarabu vilivyolipatia jina jiji letu, taja As Old as My Tongue ya mwaka 2006, filamu ya Andy Jones kuhusu Bi Kidude, ambaye alifariki mwaka 2013. Kwa familia yenye wasemaji wa Kidigo ningeweka mbele The Letter ya mwaka 2019, iliyotengenezwa na Maia Lekow na Christopher King katika pwani ya Kenya, juu ya wazee wanaotuhumiwa uchawi na mivutano ya ardhi iliyojificha nyuma ya tuhuma hizo. Sehemu ya mazungumzo yake ni ya lugha za Kimijikenda, na kwa kuwa Wadigo ni miongoni mwa Wamijikenda, mtazamaji wa Kidigo atakamata maneno mengi kabla hajasomewa. Filamu hiyo haipigi kelele wala haimhubirii mtu, na kwa maoni yangu ndiyo inayofaa kuliko zote nilizozitaja kwa mtu anayedhani kwamba filamu za makala ni habari za simba na nyati tu.

Sasa tufike kwenye jambo linalohitaji uangalifu zaidi. Filamu ya makala huonyesha watu wa kweli na mahali pa kweli, na kwa sababu hiyo mtazamaji huiamini kuliko inavyostahili. Aliyeitengeneza amechagua wapi asimame na kamera, nani ahojiwe, nini kikatwe na muziki gani uwekwe, na anayeipendekeza ana wajibu wa kumdokezea mwenzake uchaguzi huo. Chukua Serengeti darf nicht sterben, filamu ya Kijerumani ya mwaka 1959 iliyoongozwa na Bernhard Grzimek, ambayo ilipata tuzo ya Oscar. Picha zake za misafara ya nyumbu zilizopigwa kutoka angani bado zinavutia, lakini msimamo wa mwongozaji ulikuwa kwamba hifadhi haipaswi kukaliwa na watu, na Wamasai waliokuwa wakiishi humo waliondolewa katika kipindi hichohicho. Mtu akiitazama bila kulijua hilo atafurahia wanyama. Akilijua ataanza kujiuliza mbona mwenye nchi haonekani akizungumza.

Mfano mwingine ni Darwin's Nightmare ya mwaka 2004, iliyoongozwa na Hubert Sauper kutoka Austria, kuhusu biashara ya minofu ya sangara huko Mwanza na ndege za mizigo zinazoisafirisha kwenda Ulaya. Iliteuliwa kuwania Oscar, na mwaka 2006 Rais Kikwete aliikosoa hadharani, hasa kwa namna ilivyohusisha ndege hizo na biashara ya silaha. Mimi huipendekeza, lakini kamwe siipendekezi peke yake: humwomba mtazamaji aandike kando kila dai ambalo filamu inalionyesha kwa picha na kila dai ambalo inalidokeza tu, kisha amtafute mtu wa Kanda ya Ziwa aliyefanya kazi ya samaki miaka ile amsikilize. Mvuvi wa Deep Sea, eneo la wavuvi hapa kwetu Tanga, ambaye anajua bei ya samaki inavyopangwa kabla mashua haijafika ufukweni, hutoa hukumu nzuri kuliko wachambuzi wengi.

Kuna nyingine ambazo sizipendekezi kwa sebule yenye watoto, hata kama zina kumbukumbu za thamani. Africa Addio, ya Waitaliano Jacopetti na Prosperi, ya mwaka 1966, ina picha za Mapinduzi ya Zanzibar zilizopigwa kutoka angani, lakini imelaumiwa kwa muda mrefu kwa ubaguzi wake na kwa jinsi ilivyopanga picha zake. Ni kitu cha kutazamwa na mtu mzima anayejua historia, akiwa na kitabu mkononi.

Kuhusu matukio mazito, sema mapema na sema wazi. Filamu huru, yaani zinazotengenezwa bila kampuni kubwa, haziogopi kuonyesha yale ambayo tamthilia za jioni huyazunguka. Aisha ya mwaka 2015, iliyoongozwa na Chande Omar na kutayarishwa na shirika la UZIKWASA la Pangani, ni ya kwetu kabisa, kwa Kiswahili cha kwetu, lakini kiini chake ni ubakaji wa mwanamke aliyerudi kijijini kwa ajili ya harusi ya ndugu yake, na jinsi jamii inavyojaribu kulifunika jambo hilo. Ukimpendekezea mtu bila kumwambia, huenda akaiwasha mbele ya baba mkwe wake, au mbele ya mtu ambaye yamemkuta hayohayo.

Pendekezo lenyewe liwe fupi na lijitosheleze, kwa mfano ujumbe kama huu: "Shikamoo shangazi. Ile filamu niliyokuambia inaitwa Vuta N'Kuvute, ya mwaka 2021. Kwa sehemu kubwa ni Kiswahili, kwa hiyo bibi ataifuata. Haiendi mbio, msiitegemee kuwa na mapigano mengi. Mhusika mmoja ni mke aliyemkimbia mumewe, na kuna mapenzi ndani yake, basi itazame kwanza wewe na mjomba kabla hujawaita watoto." Hakuna haja ya kueleza mwisho wake, wala ya kuisifu mno, kwa kuwa filamu iliyosifiwa kupita kiasi humkuta mtazamaji amekunja mikono akisubiri kuvutiwa.

Upande wa vifaa hauna mengi. Kutazama mtandaoni kwa ubora wa kawaida hula takriban GB moja kwa saa, na ubora wa juu huweza kufika GB 3, kwa hiyo mwambie mwenye bando dogo ashushe ubora kwenye mipangilio au apakue filamu usiku ikiwa huduma anayotumia inaruhusu. DW na Al Jazeera huweka filamu nyingi za makala bila malipo kwenye YouTube. Vibanda vya kujaza filamu kwenye flashi ni rahisi, lakini mwongozaji wa filamu huru hana kampuni kubwa ya kumlinda, na nakala ya wizi humnyima hata kile kidogo ambacho angekipata. Filamu isipopatikana kwa njia halali, ningechagua kupendekeza nyingine.

Baada ya siku chache, rudi kwa uliyempendekezea, lakini usimuulize kama ameipenda, maana kwa adabu atakuambia ndiyo. Muulize walisimamisha picha wapi, nani aliondoka kabla ya mwisho, na waligombania nini walipokuwa wakinywa chai. Kama bibi aliuliza habari za ardhi, filamu inayofuata iwe ya ardhi. Kama vijana waliondoka baada ya dakika 20, watafutie filamu fupi kwanza.