Kufunga Mota ya Umeme kwenye Baiskeli ya Kawaida kwa Ajili ya Vilima vya Kampala

Anayeishi Makindye na kufanya kazi Katwe, kama mimi, huteremka asubuhi bila tone la jasho, kisha jioni hulilipa deni lote kwa mkupuo mmoja kuanzia mzunguko wa Kibuye hadi juu. Baiskeli za boda boda za zamani, zile zilizoanza kwa kuvusha abiria mpakani Busia, zilikuwa na dawa moja tu ya mlima: abiria ashuke, wote wawili wasukume. Mota ndogo ya umeme ni dawa nzuri zaidi, lakini wateja wengi huingia karakanani wakiuliza kwanza mota iwe ya wati ngapi, ilhali kwenye vilima vyetu kinachoharibika mapema si mota bali ni mahali inaposhikwa, na kinachoumiza watu ni kuteremka. Kwa hiyo utaratibu wangu huanza na fremu na breki, na umeme hufuata.

Hatua ya kwanza ni kuchagua baiskeli. Ile nyeusi ya chuma inayobeba mikungu ya matoke ni imara kupita kiasi, lakini ina kasoro mbili kwa kazi hii. Breki zake za fimbo hubana rimu kwa ndani, nazo huhitaji rimu iliyotengenezwa kwa ajili yake. Isitoshe, rimu yake ya inchi 28 ina kipenyo cha milimita 635 pale tairi linapokaa, ilhali gurudumu la mota, yaani lile lenye mota ndani ya kitovu chake, linalouzwa kwa jina hilohilo la inchi 28 kwa kawaida lina milimita 622, na tairi la moja halikai kwenye rimu ya jingine. Nimeona watu wakinunua gurudumu zima na kuligundua hilo wakiwa tayari nyumbani. Mimi hupendelea baiskeli ya mtumba ya milimani, fremu ya chuma, gurudumu la inchi 26, gia zinazofanya kazi, na nafasi ya milimita 135 kati ya masikio ya nyuma ambamo ekseli hukaa. Pima nafasi hiyo kwa rula kabla ya kununua chochote.

Hatua ya pili ni hesabu, nayo si ngumu. Jumlisha mwendeshaji, baiskeli, mota, betri na mkoba. Tuseme ni kilo 110. Kwenye mwinuko wa asilimia 8, kwa mwendo wa kilomita 12 kwa saa, gurudumu linahitaji takriban wati 325. Miguu ya mtu wa kawaida hutoa kama wati 100 bila kuchoka haraka, kwa hiyo mota inadaiwa wati 225, na kwa kuwa sehemu ya umeme hupotea kuwa joto, betri itatoa karibu wati 300. Mota ya volti 36 iliyoandikwa wati 350, pamoja na kontrola (kisanduku kinachodhibiti umeme unaokwenda kwenye mota) ya ampea 15 hadi 18, inatosha. Mota ya wati 1,000 ambayo vijana huiulizia itakula betri na kuisumbua fremu bila sababu.

Jambo lililo muhimu kuliko wati ni aina ya mota. Mota nzito isiyo na gia ndani hupenda barabara tambarare. Ikilazimishwa kupanda polepole hugeuza umeme mwingi kuwa joto. Ile nyembamba yenye gia ndani hupanda vizuri zaidi kwa uzito mdogo. Uliza pia inazunguka mara ngapi kwa dakika: ya mizunguko 200 kwenye gurudumu la inchi 26 hufikia karibu kilomita 25 kwa saa, na hiyo ndiyo ya vilima. Zenye kasi zaidi hupanda kwa shida. Mota inayofungwa kwenye pedali na kutumia gia za baiskeli hupanda kuliko zote, ila hula mnyororo haraka, nami siipendekezi kwa anayeanza.

Sasa breki. Kuteremka mita 100 ukiwa na kilo 110 humwaga nishati ya karibu wati-saa 30, na yote unayoizuia huishia kwenye mipira ya breki na rimu kama joto. Badilisha mipira na nyaya zote, mbele na nyuma, kisha ijaribu baiskeli kwenye mteremko kabla ya kuifunga mota. Mota yenye gia ndani haikusaidii kufunga breki hata kidogo.

Hatua ninayokaa nayo muda mrefu kuliko zote ni kufunga ekseli. Ekseli ya mota si kama ya kawaida: mota inaposukuma gurudumu mbele, ekseli nayo hutaka kuzunguka kinyume ndani ya masikio ya fremu. Msokoto wa nyutoni-mita 40 kwenye kipande cha chuma chembamba kama kidole kidogo hukandamiza kingo za sikio kwa nguvu inayozidi uzito wa kilo 300. Mota yangu ya kwanza niliikaza kwa nati peke yake, tena mbele kwenye foki. Siku ya nne, katikati ya kilima, nilisikia mlio kama wa mfupa kuvunjika. Ekseli ilikuwa imezunguka nusu, imechonga sikio la foki likawa duara, na waya zimejisokota zikakatika. Kwa hiyo weka mota nyuma, na ufunge mkono wa kuzuia ekseli kila upande: kipande cha bamba la chuma lenye unene wa milimita 6, chenye tundu linalobana pande mbapa za ekseli, upande wa pili kikifungwa kwenye fremu kwa klampu mbili. Mafundi wa vyuma wa Katwe hukitengeneza wakati ukisubiri, mradi uwapelekee ekseli yenyewe walifuatishe tundu kwa tupa. Tundu likilegea hata kwa nusu milimita, rudisha.

Betri ichaguliwe kwa hesabu ileile. Kila mita 100 za kupanda hudai karibu wati-saa 30 kutoka kwenye betri, na tambarare hudai kama 8 kwa kilomita ukikanyaga pedali. Betri ya volti 36 yenye ampea-saa 10 ina wati-saa 360. Safari ya kilomita 15 yenye vilima viwili vya mita 100 hula karibu nusu. Ifunge katikati ya fremu, si kwenye keria, maana uzito ulio nyuma huifanya baiskeli inyanyue mbele ukipanda. Betri iwe na saketi yake ya ulinzi, na uweke fyuzi ya ampea 25 au 30 karibu na nguzo chanya. Ikiwa ni ya lithiamu-ioni, chaja yake huishia volti 42. Chaja ya volti nyingine, hata kama plagi inaingia, ni moto unaosubiri usiku. Ukifika nyumbani betri ikiwa ya moto, iache ipoe ndipo uichaji.

Kuunganisha waya ni kazi ya nusu saa, kwa kuwa plagi nyingi zina maumbo tofauti na si rahisi kuzikosea. Kontrola ikae mahali penye upepo, matundu yake yakitazama chini, na kila waya ushuke kidogo kabla ya kupanda kuingia humo, ili maji ya mvua za Machi hadi Mei yadondokee nje. Swichi za breki za kukata umeme usiziache kwenye boksi.

Jaribu gurudumu likiwa limeinuliwa, sekunde chache tu, uhakikishe linazunguka mbele. Kisha nenda tambarare kilomita mbili, kaza nati upya, ndipo upande kilima. Mwendo ukishuka chini ya kilomita 8 kwa saa, punguza gia na ukanyage, au shuka usukume kama watu wa Busia. Ukifika juu, weka kiganja kwenye mota: ukishindwa kukiacha hapo kwa sekunde tatu, pumzika mpaka uweze. Baada ya kilomita 20 kaza tena nati na spoku, na uangalie kwa tochi kama ekseli imeanza kuacha alama kwenye sikio.