Kugeuza Kamera ya Kukunja Kuwa Kamera ya Tundu la Sindano

Mpwa wangu aliniletea kamera ya kukunja ya babu yake mzaa baba, ambayo lenzi yake ilikuwa imeota ukungu usiofutika, nasi tukaigeuza hapa Mbeya iwe kamera ya tundu la sindano, yaani inayopiga picha kupitia tundu dogo badala ya lenzi. Maelezo haya yanahusu kamera za filamu ya 120 (filamu pana ya kuviringishwa) zinazotoa picha 8 za sentimita 6 kwa 9.

Ondoa vioo vya lenzi, vya mbele na vya nyuma, lakini shata, yaani kifaa kinachofungua na kufunga njia ya mwanga, iache mahali pake.

Kata kipande cha kopo la soda, kisugue kwa msasa laini, kitoboe kwa ncha ya sindano, kisha ukisugue tena hadi ukingo wa tundu uwe safi. Karatasi ya alumini ya jikoni siipendekezi kabisa, kwa kuwa huchanika. Tundu likiwa milimita 100 hivi kutoka kwenye filamu, kipenyo kinachofaa ni takriban milimita 0.4, lipige picha ya karibu kwa simu likiwa juu ya rula ili ulipime. Libandike nyuma ya shata kwa tepu nyeusi.

Mivukuto, yaani mfuko wa mikunjo ulio kati ya shata na filamu, ndiyo iliyotuharibia filamu mbili nzima. Tuliikagua dirishani mchana, tukaiona nzima, kumbe mwanga ulikuwa ukipenya kwenye kona za mikunjo. Ikague usiku katika chumba chenye giza totoro, baada ya macho kuzoea kwa dakika kumi, ukiwa umeikunjua yote na kuweka tochi ndani, na uiinamishe kila upande, kwa sababu tundu lisiloonekana ukiwa mbele huonekana ukiwa ubavuni. Usizibe kwa tepu nene, kwani kamera haitajikunja, wala kwa rangi ya mafuta, ambayo hupasuka. Sisi tulipaka gundi nyeupe ya mbao iliyochanganywa na masizi, tabaka jembamba mara tatu, na hatukuikunja hadi kesho yake. Kidirisha chekundu cha nyuma, kinachoonyesha namba ya picha, nacho kizibe kwa tepu, ukikifungua kivulini wakati wa kusogeza filamu tu, maana filamu za siku hizi huhisi hata mwanga mwekundu.

Weka kamera juu ya stendi na shata kwenye B, ambapo hubaki wazi muda wote unaobonyeza. Kwa filamu ya ISO 100 (kipimo cha wepesi wa filamu kuhisi mwanga) hesabu ya jua kali ni sekunde 2, lakini mimi hutoa 4, kwa kuwa filamu huzidi kuwa nzito kuitikia mwanga baada ya sekunde moja. Mlima Loleza ulipofunikwa na mawingu, tulihesabu sekunde 20.