Yuniti zinaenda wapi? Jinsi nilivyochagua na kufunga kifaa cha kupima umeme wa nyumba nzima

Nauza barafu na juisi ya ukwaju nyumbani kwangu Kigamboni. Kwa muda mrefu nilikuwa nanunua umeme wa shilingi elfu ishirini na hauvuki wiki. Kila LUKU ilipoanza kulia, lawama zilimwangukia binti yangu kwa sababu anapenda kuchemsha chai kwa birika la umeme. Nilifika hadi kulifungia birika kabatini. Leo najua nilimwonea. Birika la wati 2,000 likichemsha kwa dakika nne linakula yuniti 0.13, yaani kama shilingi 47. Kilichokuwa kinamaliza pesa yangu kilikuwa hakizimwi, na ndiyo maana hakuna aliyekishuku.

Kabla hujanunua chochote, elewa hesabu hii moja. Kwa sisi wa T1, yaani kundi la bei la matumizi ya kawaida, yuniti moja ni shilingi 292. Ukiongeza VAT asilimia 18, tozo ya REA (umeme vijijini) asilimia 3 na ya EWURA (mdhibiti wa nishati) asilimia 1, inafika kama 356. Basi chochote kinachovuta wati 100 saa zote 24 kinakula yuniti 2.4 kwa siku, 72 kwa mwezi, zaidi ya shilingi 25,000. Mwenye D1, yaani kundi la watumiaji wadogo wa nyumbani, ana kikomo cha yuniti 75 kwa mwezi. Wati mia tu zisizolala zinakaribia kumaliza kikomo chake chote, hata kabla hajawasha taa.

Kwa hiyo usianze kwa kuuliza pasi inakula kiasi gani. Uliza nyumba inakula kiasi gani wakati wote wamelala.

Jibu la kwanza unaweza kulipata bure. Mita ina taa ndogo nyekundu inayopepesa, na pembeni yake pameandikwa inapepesa mara ngapi kwa yuniti moja: 1,000, 1,600 au namba nyingine yenye neno imp/kWh. Hesabu sekunde kati ya mpepeso mmoja na unaofuata. Zidisha sekunde hizo kwa namba ya kwenye mita, kisha gawanya 3,600,000 kwa jibu ulilopata. Mita ya 1,600 ikipepesa kila baada ya sekunde 10, nyumba inavuta wati 225. Fanya hivyo saa nne usiku, rudia alfajiri. Ukikuta wati 40 au 50, huna haja ya kununua kifaa, tafuta pa kubana kwingine. Mimi nilikuta zaidi ya 200, nikaona bora ninunue.

Katika kuchagua, jambo la kwanza ni fezi, yaani nyaya za moto zinazoingia nyumbani ni ngapi. Nyumba nyingi ni fezi moja na klampu moja, ile pete ya kupimia, inatosha. Fezi tatu inataka klampu tatu, moja kwa kila fezi. Angalia pia kifaa kimetengenezwa kwa umeme wa wapi. Vingi vinavyosifiwa mitandaoni ni vya nyumba za Marekani zenye volti 120 na 240, navyo si vyote vinavyokubali mfumo wetu wa volti 230. Soma karatasi yake kabla hujalipa.

Klampu ni ile pete inayofunguka na kuukumbatia waya. Haikati waya wala haigusi shaba, inahisi tu umeme unaopita. Kama meinswichi yako ni ya ampia 60, chukua klampu ya 100 au 120. Usinunue ya 400 ukidhani kubwa ndiyo bora, maana klampu kubwa mno haivioni vizuri vitu vidogo, na sisi hivyo vidogo ndivyo tunavyovitafuta.

La muhimu kuliko yote, na hapa ndipo watu wengi hutupa pesa: hakikisha kifaa kinapima volti pamoja na ampia. Vya bei rahisi vinapima ampia peke yake, kisha vinajidhania kwamba volti ni 230 siku zote. Kwangu jioni volti zinashuka hadi 190. Kifaa cha aina hiyo kingenidanganya kwa zaidi ya asilimia 20. Tena pampu, feni na friza zina mota, na mota huvuta ampia ambazo si zote zinazogeuka kuwa yuniti. Bila kupima volti na ampia kwa pamoja, huwezi kuitenganisha hiyo tofauti.

Mwisho, uliza kumbukumbu zinakaa wapi. Kama kila kitu kinapelekwa kwenye seva ya nje, bando likikata nawe umepofuka. Mimi nilichukua Shelly EM, yenye nafasi ya klampu mbili, kwa sababu naweza kuifungua kwa simu kupitia waifai ya nyumbani hata intaneti ikiwa haipo. Anayetaka kupima kila breka peke yake aangalie IoTaWatt, ambayo hutunza kumbukumbu zake kwenye kadi iliyomo ndani yake. Kwangu klampu mbili zilitosha: moja nyumba nzima, moja njia ya pampu.

Kufunga si kazi ya kujaribu mwenyewe. Tafuta fundi mwenye leseni ya EWURA, na kazi yote ifanyike kwenye boksi lako la breka, baada ya mita. Lakiri za mita ya LUKU zisiguswe kabisa. Meinswichi izimwe kwanza, na fundi ahakikishe kwa testa. Kifaa chenyewe kipewe breka yake ndogo ya ampia 6.

Simama karibu uangalie, si kwa kumshuku fundi, bali ili ujue kilichomo ndani ya boksi lako. Wangu alipofunga mara ya kwanza simu ilionyesha sifuri, na friza ilikuwa inanguruma. Nikamwambia, "Fundi, mbona hapa hakuna kitu?" Akafungua, akatazama, akasema, "Mama, nimezibana waya mbili pamoja." Klampu ikikumbatia waya wa moto na nyutro kwa pamoja, umeme unaokwenda na unaorudi vinafutana. Ni waya mmoja tu, wa moto, na mshale wa klampu uelekee kwenye matumizi. Ukiona namba zenye alama ya kutoa, mshale umegeuzwa. Na klampu isichomolewe kwenye kifaa chake wakati ingali imebana waya wenye umeme, kwani zipo zinazotoa volti za hatari zikiachwa wazi. Kama boksi lako ni la chuma, pima waifai kabla fundi hajaondoka.

Wiki ya kwanza usibadilishe kitu. Jumamosi saa kumi na mbili jioni niliandika yuniti zilizobaki kwenye LUKU, na Jumamosi iliyofuata saa ileile nikaandika tena, bila kuongeza umeme katikati. LUKU ilikuwa imeshuka yuniti 57.2, kifaa kilihesabu 56.3. Tofauti haifiki asilimia mbili, nikakiamini. Ukikuta tofauti kubwa, tazama kama ukubwa wa klampu uliouchagua kwenye programu ndio huo uliofungwa.

Kisha niliamka saa nane usiku. Tukazima feni kwa dakika kumi, watoto wakalalamika na joto, nikatazama mstari kwenye simu. Ulisimama kwenye wati 190, haushuki. Nikazima breka moja moja. Friza 160. King'amuzi, televisheni na redio, vyote vikiwa "vimezimwa" kwa rimoti, 22. Kisambaza waifai 8. Friza ndiyo iliyonishangaza: ilivuta 160 mfululizo bila kupumzika, wakati friza nzima hufika mahali kompresa ikakata. Niliweka noti ya elfu moja kwenye mlango, nikaufunga, nikaivuta ikatoka bila kukwama. Mpira wa mlango ulikuwa umekwisha. Baada ya kuubadilisha, friza inapumzika karibu nusu ya usiku, na hiyo imeokoa karibu yuniti moja kila usiku.

Klampu ya pili ilinionyesha kitu ambacho nisingekiona kamwe. Usiku kucha grafu ya pampu ilikuwa na meno kama ya msumeno: wati 750 kwa sekunde 40, kila baada ya dakika tisa. Pampu inayosukuma maji ndani ya nyumba ilikuwa inaamka wakati hakuna aliyefungua bomba. Tulitia rangi ya chakula kwenye tanki la choo cha nyuma, asubuhi maji ya bakuli yalikuwa mekundu. Koki ndani ya tanki ilikuwa inavujisha. Ukipiga hesabu, meno yale ni yuniti 1.3 kwa siku, 40 kwa mwezi, zaidi ya shilingi 14,000, bila kuhesabu maji yaliyopotea.

King'amuzi na wenzake nimewaweka kwenye ekstensheni yenye swichi, na mwanangu mdogo ndiye mwenye kazi ya kuizima akienda kulala. Birika limetoka kabatini, nami nilimwomba binti yangu radhi.

Siku hizi sifungui programu kila saa. Nimeiwekea tahadhari mbili tu. Ya kwanza inaniita pampu ikizidi dakika 20 bila kukata, kwa sababu pampu ikisukuma bila maji huungua. Ya pili inaniita nyumba ikibaki kwenye wati chache tu kwa muda mrefu mchana, maana yake friza haivuti: ama imeharibika ama breka yake imejikata. Na kila tarehe mosi naamka saa nane usiku, natazama ule mstari. Mwezi huu friza ikiwa imepumzika ulikuwa wati 11.