Jinsi ya kutambua chombo cha kale cha Kichina chenye gilezi

Wengi wakishika chombo cha kijani cha Kichina wanakimbilia rangi, na hapo ndo wanapopigwa. Wewe kipindue, anza na kitako.

Kwenye mitungi ya enzi ya Han ya Magharibi (utawala wa China wa miaka kama 2000 iliyopita) gilezi, yaani ule utando wa kioo juu ya udongo, mara nyingi ipo mdomoni na mabegani tu, huku chini kumebaki udongo mtupu wenye wekundu au kahawia, kwa sababu majivu ya kuni yalikuwa yanapeperuka ndani ya tanuru yanatua juu ya chombo, moto ukifika kama nyuzi 1200 yanayeyuka yanakuwa kioo. Ndo maana utaona imechuruzika, huku nene huku nyembamba. Ikiwa sawasawa kila mahali kama rangi ya dukani, mi ningeuliza maswali.

Halafu tafuta palipomeguka. Udongo wa ndani uwe wa kijivu, mgumu, umebana. Dondoshea tone la maji hapo, likinywewa fasta huo ni udongo laini wa moto mdogo. Wengine wanagusa na ulimi, ukinata ujue ni laini, ila osha kwanza jamani. Wahan walikuwa pia na vyombo vya kuzika na maiti, kijani kizuri tu lakini gilezi yake ni ya madini ya risasi yenye sumu na ndani ni udongo mwekundu laini, hivyo usivichanganye na hivi, na usivilie chakula.

Kijani cha vyombo vigumu kinatokana na chuma kidogo kwenye gilezi, tanuru likinyimwa hewa. Hewa ikiingia kinageuka njano au kahawia, kwa hiyo chombo cha njano si lazima kiwe feki. Mafundi wa Shangyu kule mkoa wa Zhejiang walishaiweza kazi hii vizuri mwishoni mwa Han ya Mashariki, kipindi cha pili cha Han.

Huku pwani Manda, Shanga na Unguja Ukuu vimepatikana vigae vya vyombo vya Kichina vya matanuru ya Yue (huko huko Zhejiang) na ya Changsha (mkoa wa Hunan), vya karne ya 9 hivi. Wanaoanza huwa wanavichanganya na vya mitungi ya buluu-kijani ya Ghuba ya Uajemi, ila ya Ghuba ukitazama pale ilipovunjika udongo ni wa krimu, laini, karibu unasagika.

Ukikuta kigae kwenye magofu usikitie mfukoni, piga picha na sarafu pembeni ionyeshe ukubwa, kiache palepale uwaambie watu wa mambo ya kale.