Somo: Ukipunguza kalori, ubongo hudhani njaa imeingia. Ufanyeje?

Asalaam aleikum, na habari za jioni kwenu nyote wa Mtwara na Lindi. Wiki hii watu wanne wameniomba somo la kupunguza mwili, na wote wanne walianza kwa kujilaumu: "sina msimamo", "nina tamaa". Mimi ni muuguzi wa kliniki ya sukari na presha miaka mingi sasa, na maneno hayo huniuma kila nikiyasikia. Kwa hiyo kabla ya hatua tuelewane kwanza njaa ile inatoka wapi.

Mafuta ya mwilini hutoa homoni iitwayo leptini, iliyogunduliwa mwaka 1994 na Jeffrey Friedman na wenzake kule New York. Leptini huufikishia ubongo habari kwamba akiba ipo. Mtu mwenye unene uliopitiliza anayo leptini nyingi, ila ubongo wake umeshaizoea na hauisikii sawasawa. Akianza kujinyima, leptini hushuka ndani ya siku chache, kabla hata kitambi hakijapungua. Ubongo hauna habari kwamba umeamua mwenyewe. Unachojua ni kwamba njaa imeingia kijijini. Tumbo nalo huongeza grelini, homoni inayoita chakula. Ndiyo maana vitumbua vya jirani, ulivyovipita jana bila shida, leo harufu yake inakusimamisha njiani. Mwili hubana matumizi: unasikia baridi, unachoka upesi, na kalori unazochoma ukiwa umelala tu zinapungua.

Haya yamepimwa. Mwaka 1944 na 1945, Ancel Keys kule Minnesota, Marekani, aliwalisha vijana 36 wenye afya takriban kalori 1,570 kwa siku kwa miezi sita. Hawakuwa wanene. Walipoteza karibu robo ya uzito wao, wakawa wepesi wa hasira, mazungumzo yao ni chakula, ndoto zao ni chakula. Mwaka 2011 watafiti wa Australia wakaonyesha jambo linalotuhusu zaidi: watu 50 wenye uzito mkubwa walikula kalori chache sana kwa wiki 10, na mwaka mmoja baadaye homoni zao za njaa zilikuwa bado hazijarudi kama mwanzo. Mwaka mzima! Sasa niambie, huyo aliyerudisha kilo zake kosa lake lilikuwa tamaa?

Mimi mwenyewe niliwahi kushinda wiki tatu kwa uji mwepesi na maji ya ndimu. Zilitoka kilo 6, zikarudi 8. Nililia, kwa sababu hakuna aliyeniambia haya ninayowaambia leo.

Hatua ya 1: Anzia kliniki. Pima uzito, urefu, presha, sukari kabla ya kula, na kiuno kwa tepu ya fundi cherehani. Gawanya kilo kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe: mtu wa kilo 90 na mita 1.60 anapata 35, na unene unahesabiwa kuanzia 30. Hatua hii msiiruke, hasa mnaotumia insulini au glibenklamidi. Dawa hizo zinashusha sukari hata kama hujala; ukipunguza chakula na dozi ikabaki ileile, utatoka jasho, utatetemeka, utachanganyikiwa, na unaweza kuzimia. Wa vidonge vya presha mjihadhari na kizunguzungu. Daktari ndiye wa kupunguza dozi. Mjamzito, anayenyonyesha, mwenye ugonjwa wa figo na mtoto, somo hili si lao.

Hatua ya 2: Andika siku tatu. Kila kinachoingia mdomoni, na chai ya kwa shoga yako pia.

Hatua ya 3: Toa kalori kama 500 kwa siku, basi. Kijiko cha chakula cha mafuta ya kupikia kina kalori 120 hivi. Kijiko cha chai cha sukari kina 16. Konzi ndogo ya korosho ina karibu 160, na najua sisi tunavyozitafuna tukipiga soga. Ukipunguza vijiko viwili vya mafuta kwenye sahani yako, sukari ya vikombe vitatu vya chai (vijiko viwili kila kikombe), na konzi moja ya korosho, umeshafika karibu 500 na ugali hujaugusa. Kisamvu na mbaazi zipikwe kwa tui la pili, lile jepesi. Tui zito la kwanza liwe la siku za wageni. Samaki achomwe au achemshwe kwa ndimu na nyanya.

Hatua ya 4: Linda misuli. Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Mwili wenye njaa hauli mafuta peke yake, unakula na misuli, na misuli ikipungua unachoma kalori chache zaidi. Ugali wa muhogo una protini kidogo mno. Ukipunguza kitoweo ukabaki na ugali, umejipunja mara mbili. Kila mlo uwe na samaki, dagaa, yai, kunde, choroko au mbaazi. Pweza ni mzuri sana: protini nyingi, mafuta kidogo. Kisha fanya kazi za nguvu: ndoo, jembe, kuinuka kitini mara 15 bila kushika kitu.

Hatua ya 5: Kilo zikigoma, usikate chakula zaidi. Zitagoma, na sababu nimeshazieleza. Kaa hapohapo ulipofika mwezi mzima bila kuongezeka, ndipo uendelee. Ukitoa hata asilimia 5 ya uzito wako, presha na sukari huanza kushuka. Kwa mtu wa kilo 90 hizo ni kilo nne na nusu tu.

Maswali sasa.

Kutoka Newala: *Shikamoo muuguzi. Nimekunywa maji ya ndimu siku tatu, nimepungua kilo 3. Si ndiyo njia ya haraka?*

Marahaba mwanangu. Kilo hizo nyingi ni maji. Mwili huweka akiba ya wanga kwenye ini na misuli, na kila gramu imeshika maji kama gramu tatu. Akiba ikiisha, maji yanatoka. Ukila ugali kesho kutwa yatarudi, nawe utadhani umenenepa usiku mmoja.

Kutoka Mikindani: *Nimesikia Uingereza watu wamepona kisukari kwa kalori 800. Mbona unatuzuia?*

Ni kweli, kaka. Matokeo yalitoka 2017: watu wenye kisukari cha aina ya pili, waliougua kwa miaka isiyozidi sita, walipewa kalori 825 hadi 853 kwa siku kwa miezi mitatu hadi mitano, na baada ya mwaka karibu nusu yao sukari ilikuwa imetoka kwenye kiwango cha kisukari bila dawa. Nami habari hiyo inanipa matumaini makubwa. Lakini walipewa vinywaji maalumu vyenye vitamini na madini yote, na walikuwa wakifuatiliwa na wahudumu wa afya muda wote. Ukiwa nyumbani na uji wako hupati kitu kilekile. Mwenye nia aongee na daktari wake kwanza, hospitali ya Ligula kwa wa Mtwara au ya Sokoine kwa wa Lindi.

Kutoka Masasi: *Tangu nianze nina hasira na nasahau. Nimeingiwa na nini?*

Ubongo peke yake hutumia karibu sehemu moja ya tano ya nguvu za mwili, dada. Wanga ukipungua sana hugeukia ketoni zinazotokana na mafuta, na siku za mwanzo kichwa huuma. Ikizidi wiki mbili, ujue umekata mno. Ongeza mlo wa asubuhi, lala mapema (usiku mfupi huchochea njaa), na upime damu.

Kutoka Kilwa: *Mke wangu amepungua upesi, sasa anaumwa chini ya mbavu za kulia akila.*

Mpeleke akapigwe picha ya tumbo, usingoje. Kupungua zaidi ya kilo moja na nusu kwa wiki huongeza hatari ya mawe ya nyongo. Akipata homa au macho yakawa ya njano, ni siku hiyohiyo.

Kutoka Lindi mjini: *Nimetoa kilo 7. Mtaani wanasema nimeungua, yaani nina virusi vya UKIMWI, na mume wangu anaona aibu, anataka ninenepe tena. Nifanyeje mama?*

Pole sana mwanangu. Umefanya kazi kubwa, na najua maneno ya watu yanavyochoma kuliko njaa yenyewe. Siku yako ya kliniki ijayo nenda naye. Mwombe muuguzi amwonyeshe kadi yako: presha ya siku ya kwanza na ya leo, azisome mwenyewe. Halafu mkiwa palepale muulizeni pamoja, nyumbani mafuta ya kupikia yapunguzwe vijiko vingapi kwa sufuria ya watu wote.