Spika Haijafa, Imeshikwa na Simu Nyingine

Meza yangu iko Mtaa wa Aggrey, Kariakoo. Nauza chaja, kava, spika ndogo na hedifoni za Bluetooth. Haipiti wiki bila mteja kunirudishia kitu akiwa amenuna: "Dada, umeniuzia kibovu." Nikikijaribu palepale, mara nyingi ni kizima kabisa. Inaniuma kuona mtu amelipa nauli kutoka Mbagala au Bunju, amesukumana kwenye foleni, kwa kazi ya dakika 2 ambayo angeimaliza akiwa amekaa kwenye mkeka wake.

Asubuhi moja alikuja mama mmoja, spika ameifunga kwenye kanga kama kitoto.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Kitu chako hiki kimekufa. Nasikilizia mawaidha nikichoma vitumbua, sasa siku ya tatu hakionekani kwenye simu."

Niliiwasha spika. Ikalia mlio wake, taa ya buluu ikapepesa mara mbili tatu, halafu ikatulia tuli. Hapo nikajua. Taa ikitulia bila kupepesa, kuna simu imeshaishika tayari. Nikamuuliza amekuja na nani. Nyuma yake alikuwa amesimama mjukuu wake amebeba kapu, simu mfukoni, Bluetooth imewashwa. Yule kijana ndiye aliyeichezea spika siku tatu nyuma. Tangu hapo, kila bibi akiiwasha inakimbilia simu ya mjukuu, hata kama simu imelala chumba cha pili. Nilimwomba azime Bluetooth yake. Taa ikaanza kupepesa haraka haraka, na simu ya mama ikaiona mara moja.

Basi ukikumbuka jambo moja tu, likumbuke hili. Kifaa kikiwashwa, kitu cha kwanza kinachofanya ni kuitafuta simu kilichokuwa nayo mara ya mwisho. Kikiipata, kinanyamaza, na simu nyingine yoyote itatafuta mpaka ichoke. Kwa hiyo kabla hujagusa mipangilio yoyote, zima Bluetooth kwenye simu zote za pale nyumbani: ya baba, ya watoto, ya mpangaji mwenzio aliyeazima spika Jumapili, na kompyuta kama ipo. Baada ya hapo chaji kifaa. Chaji ikiwa karibu kuisha, spika nyingi huwaka na kutoa mlio, lakini zikikata katikati ya kuunganishwa utadhani simu ndiyo inakataa.

Kosa la pili kwa ukubwa ni kudhani kwamba kuwasha kifaa kunatosha. Kuwasha ni jambo moja, kukiweka katika hali ya kuoanisha, yaani tayari kuunganishwa na simu mpya, ni jambo jingine. Kwenye spika, tafuta kitufe chenye alama ya Bluetooth, au cha kuchezesha muziki kama hicho hakipo, ukibonyeze usiachie kwa sekunde 3 hadi 5 mpaka taa ipepese kwa kasi. Hedifoni za kuvaa kichwani huanza zikiwa zimezimwa: bonyeza kitufe cha kuwashia, usikiachie hata ukisikia mlio wa kuwaka, endelea kushikilia mpaka taa ibadilike. Wateja wengi huachia kwenye mlio wa kwanza. Zile ndogo za masikioni, ambazo hapa mjini kila mtu anaziita AirPods hata zikiwa za kampuni nyingine, kwa kawaida unafungua kifuniko cha kikasha chake nazo zikiwa ndani. Baadhi zina kitufe nyuma au chini ya kikasha cha kushikilia.

Sasa shika simu. Kwenye Android iliyowekwa Kiswahili, ingia Mipangilio, kisha Vifaa vilivyounganishwa, halafu Oanisha kifaa kipya. Kwenye iPhone fungua mipangilio, kisha Bluetooth. Kaa kwenye ukurasa huo huo usitoke, subiri jina litokee, liguse tu, basi. Jina mara nyingi limeandikwa kwenye boksi au chini ya kifaa. Redio za magari za zamani zinaweza kukuomba namba ya siri. Jaribu 0000, ikikataa weka 1234. Redio ikiwa imeshakumbuka simu nyingi inaweza kuikataa ya kwako, na ukinunua gari au bajaji iliyotumika ndivyo utakavyoikuta. Futa za wenye gari waliopita kwenye menyu ya redio yenyewe, kisha anza upya.

Nalipenda sana hili neno "oanisha" walilotuwekea kwenye simu. Limetoka kwenye kuoana, na linaeleza mambo vizuri kuliko maelezo yangu yote ya mezani. Simu na spika zikioana zinatengeneza ufunguo wa siri mara moja, kila upande unaweka nakala yake. Baada ya hapo hakuna kuoana tena, ni kukutana tu kila siku: unawasha, zinatambuana, muziki unaendelea. Ndiyo maana ukiona jina la kifaa chako liko kwenye orodha lakini kila ukiligusa linagoma, usiliguse tu mara ishirini. Upande mmoja umepoteza ufunguo. Labda mtoto ameifuta simu yote, labda kifaa kimerudishwa kwenye hali ya kiwandani. Dawa ni kuvunja pande zote mbili. Kwenye Android gusa alama ya gia pembeni ya jina kisha uchague kusahau kifaa. Kwenye iPhone gusa herufi i iliyo ndani ya duara. Kisha futa kumbukumbu ya kifaa chenyewe, ambayo kwa spika nyingi ni kushikilia kitufe cha Bluetooth au viwili pamoja kwa muda mrefu zaidi, kama kikaratasi cha ndani ya boksi kinavyoeleza. Kikaratasi hicho usikitupe. Wateja wangu wanakitupa kabla hawajafika Msimbazi.

Hizi za masikioni zina ugonjwa wao: sikio moja linaimba, jingine kimya. Hapo tatizo si simu, ni zenyewe mbili zimeachana. Sahau jina lake kwenye simu, rudisha zote mbili kwenye kikasha, hakikisha kila moja inaonyesha inachaji. Kama haionyeshi, futa vile vishaba vidogo vya kuchajia kwa kitambaa kikavu, maana jasho na vumbi la Dar hukaa hapo. Kisha zitoe pamoja, zipe sekunde chache zitafutane kabla hujaunganisha na simu.

Mteja mmoja anayekimbia asubuhi pale Coco Beach alilalamika sauti inakatika akishaanza mbio. Nilimuuliza simu anaiweka wapi. Mfuko wa nyuma, kushoto. Na katika hedifoni zake za masikioni, ya kulia ndiyo inayopokea kutoka kwenye simu na kumpa mwenzake. Bluetooth inasafiri kwa masafa ya 2.4 GHz, na maji huyafyonza. Mwili wa mtu umejaa maji. Kwa hiyo sauti ilikuwa inalazimika kumpita yeye mzima. Alihamishia simu kwenye mkono wa kulia, kwenye ule mfuko wa kufunga, na hakurudi tena kulalamika. Umbali wa mita 10 wanaouandika kwenye maboksi ni wa mahali pa wazi. Ukuta wa tofali na mlango wa chuma vinaupunguza sana. Wi-Fi nyingi za nyumbani nazo zinatumia masafa hayo hayo. Bluetooth hujaribu kuzikwepa kwa kurukaruka kwenye njia 79, hadi mara 1,600 kwa sekunde, lakini usiibebeshe mzigo bure: usiweke spika juu ya kifaa cha intaneti.

Ikiwa imeunganishwa na bado muziki unatokea kwenye simu, rudi kwenye ile gia. Kuna swichi ya simu za kupiga na nyingine ya muziki na video. Mara nyingi ya pili imezimwa.

Saa janja ni habari tofauti, na naomba unisikilize kabla hujaitoa kwenye boksi. Usianzie kwenye Mipangilio. Pakua kwanza programu yake kwa kupiga picha msimbo wa QR ulio kwenye boksi, na uwe na bando. Washa pia Mahali, ile swichi ya simu inayoonyesha ulipo. Kwenye Android 11 kurudi nyuma, programu haiwezi kutafuta vifaa vya jirani bila hiyo. Halafu itafute saa ukiwa ndani ya programu. Ukianzia nje, inaweza kukubali kupokea simu tu, hatua na mapigo ya moyo visionekane, nawe uje kuniambia ni feki.

Kuhusu mahali pa kufanyia: usioanishe kitu ndani ya basi la mwendokasi. Utaona majina ishirini kwenye orodha, mengine ni majina kamili ya watu, kwa sababu baadhi ya simu hujitangaza kwa jina la mwenye nayo. Badilisha la kwako. Na ikitokea ombi la kuoanisha ambalo hukulianzisha wewe, kataa, hata kama linaonekana la mtu unayemjua.

Ukishafanya yote haya, na kitufe unakishikilia sekunde 10 na taa bado haipepesi, hapo njoo nayo. Njoo na waya wake wa kuchajia, na simu zote za nyumbani zilizowahi kuishika.