Somo: Kulala usiku ndani ya kempa Uingereza ukiwa na mtu wa wilchea

Kila majira ya joto yakianza naulizwa swali lile lile: "Dada, si mna Blue Badge, ile kadi ya maegesho ya walemavu? Basi mnalala popote." Hatulali popote. Mwaka huu nimejibu simu na jumbe mpaka nimechoka, kwa hiyo naandika mara moja, na atakayeuliza tena nitamleta hapa.

Mimi na mume wangu tunasafiri na kempa, yaani gari la kulalia, mwaka wa sita sasa. Yeye hatembei. Anatumia kiti cha mota cha kilo 150, na anaingia garini kwa lifti ya mlango wa nyuma. Kila jioni kabla sijazima injini najiuliza jambo moja: kesho asubuhi atatokaje? Mandhari baadaye.

Hatua ya 1: Jua kadi inaruhusu nini

Blue Badge ni ya mtu, si ya gari, kwa hiyo inafanya kazi hata kwenye kempa. Lakini ni kadi ya kupaki barabarani. England na Welisi unaweza kusimama kwenye mistari ya njano (ambako wengine hawaruhusiwi kupaki) kwa muda usiozidi saa 3, pale pasipo na alama za kukataza kupakia na kushusha mizigo, na ni lazima uweke kwenye dashibodi ile saa ya kadibodi inayoonyesha ulifika saa ngapi. Uskoti hakuna kikomo hicho cha saa 3 kwenye mistari ya njano. Viwanja vya maegesho vya halmashauri, vya madukani na vya watu binafsi vina masharti yao. Kibao kikikataza kulala, kadi haikiondoi.

Hatua ya 2: Pima gari

Kimo, urefu, upana, na urefu tena lifti ikiwa chini. Andika, bandika mbele ya dereva. Boriti za milangoni kwenye viwanja vingi zimewekwa karibu na mita 2.1, na kempa nyingi zinapita mita 2.7. Nafasi ya kawaida ya kupaki ni mita 2.4 kwa 4.8. Ya walemavu huongezwa mita 1.2 ubavuni na 1.2 kwa nyuma, na bado gari la mita 7 halienei.

Pima na uzito pia. Leseni ya kawaida iliyotolewa tangu Januari 1997 hukomea tani 3.5 kwa gari la dizeli au petroli, na ukishajumlisha lifti, kiti, maji na watu, unafika huko haraka.

Hatua ya 3: Chagua mahali kabla ya kuondoka nyumbani

Sisi tunapenda zaidi kambi ndogo za wanachama wa Caravan and Motorhome Club, zile zisizopokea zaidi ya magari 5. Mwenye shamba anakujua kwa sauti kabla hujafika. Uskoti, shirika la misitu la Forestry and Land Scotland lina mpango wa Stay the Night: baadhi ya viwanja vyake vya msituni vinakubali kempa yenye choo ndani kwa usiku mmoja. Vituo vya mapumziko vya barabara kuu vinakupa saa 2 bure, halafu unalipia. Ni vya dharura tu, maana malori hayalali. Baa nyingi za vijijini nazo hukubali ukipiga simu na kusema utakula chakula cha jioni hapo.

Piga simu, usitegemee tovuti. Wakikwambia "tuna huduma za walemavu", uliza: choo kiko hatua ngapi kutoka gari lilipo? Njia ni ya lami, kokoto au nyasi? Kuna mteremko? Mlango una upana gani? Niliwahi kuhakikishiwa choo kizuri cha walemavu. Kweli kilikuwepo, kizuri kabisa, juu ya kilima cha changarawe.

Hatua ya 4: Fika kukiwa bado na mwanga

Basi.

Hatua ya 5: Pua nje, mkia wazi

Hapa msome polepole, maana hapa ndipo nilipoharibu.

Mwaka wetu wa pili tulifika saa tatu usiku kwenye kiwanja cha mji wa pwani kinachoruhusu kulala. Kilikuwa nusu tupu. Nikaona niwe na akili: nikaingiza pua mpaka kwenye ukuta wa bahari, ili lifti ya nyuma ielekee kwenye njia pana ya magari. Tukalala vizuri. Asubuhi saa moja nikafungua mlango wa nyuma, nikabonyeza kitufe, bamba la lifti likaanza kufunguka, nikalisimamisha haraka. Kati yake na ubavu wa van nyeupe kulibaki shibiri mbili. Mwenyewe alikuwa amepaki kwa kukingama nyuma yetu, akaenda zake. Mbele ukuta, nyuma van, kushoto na kulia magari ya watu waliokuja kuogelea.

Mimi nilishuka kwa mlango wa ubavuni, wenye ngazi. Mume wangu hakuweza. Choo cha ndani hakimtoshi akiwa peke yake nami sina nguvu za kumwinua bila winchi yetu ya nyumbani. Namba ya simu kwenye kibao iliita bila kupokelewa. Alikaa mle mpaka saa saba mchana. Hakulalamika. Aliniomba kitu kimoja tu, nifunge pazia, kwa sababu watu walikuwa wanapita na aisikrimu wanachungulia.

Usiku uliofuata sikulala, nikiwaza ingekuwaje kama ule mtungi wa gesi ungeshika moto.

Kwa hiyo:

Rudi kinyumenyume unapoingia. Pua iangalie njia ya kutokea, pasiwe na nafasi ya gari jingine mbele yako. Ukizibwa nyuma unasogea mbele mita 3, unashusha lifti. Kama yuko ndani ya kiti, mfunge mikanda yote hata kwa hizo mita 3.

Nyuma acha mita 3 kamili. Bamba linachukua zaidi ya mita moja, na kiti nacho kinahitaji mahali pa kugeukia. Nyuma pawe na kitu ambacho gari haliwezi kupaki juu yake: ua, ukingo wa njia, kitanda cha maua.

Wenye lifti ya ubavuni, ubavu huo uelekee kwenye njia ya waendao kwa miguu. Nafasi tupu usiku si nafasi tupu asubuhi.

Kibao cha "Tafadhali acha mita 3, lifti ya wilchea" kinasaidia mchana. Usikitegemee peke yake. Koni ziweke tu ndani ya kambi au kiwanja ambacho mwenyewe amekubali; barabarani huna haki ya kujikatia nafasi.

Hatua ya 6: Sawazisha, halafu jaribu lifti

Mtu asiyejigeuza kitandani akilala kwenye mteremko anateleza usiku kucha, na ngozi ikisuguka ndipo vidonda vinapoanza. Lakini ukiweka kabari chini ya magurudumu ya nyuma unainua sakafu, na lifti inaweza isifike chini. Ukiziweka mbele, mkia unainama na bamba linakuwa na mteremko. Ukishasawazisha, shusha lifti tupu mpaka chini, uitazame, uipandishe. Ikikataa, hama usiku huo huo.

Hatua ya 7: Umeme

Chaja ya kiti ya volti 24 na ampea 8 inakula karibu wati 200. Kwa saa 6 hiyo ni kama wati-saa 1,200, sawa na ampea-saa 100 za betri ya volti 12, kabla ya hasara ya inveta. Betri ya risasi ya ampea-saa 100 haifai kutumiwa zaidi ya nusu. Hesabu mwenyewe. Kama analalia godoro la pampu, lala penye umeme wa kambi. Na jifunze kuishusha lifti kwa mkono wa pampu, mchana, kabla haijakufia usiku.

Hatua ya 8: Choo

Nunua ufunguo wa RADAR, unafungua vyoo vya walemavu vilivyofungwa nchi nzima. Anayehitaji winchi na kitanda cha kubadilishia mtu mzima atafute vyoo vya Changing Places; sisi tunapanga safari kwa kufuata ramani yao.

Hatua ya 9

Ondoka mapema, beba taka zako, usimwage maji machafu. Mahali pengi pamefungwa kwa sababu ya waliotutangulia.

---

MASWALI

Mgeni wa Luton: Dada asante. Sasa nikiwa na Blue Badge naweza kulala ufukweni?

Jibu: Hatua ya 1.

Mgeni wa Luton: Nimeuliza tu, maana somo ni refu.

Jibu: Ni refu kwa sababu saa sita za mume wangu zilikuwa ndefu. Lisome.

Kijana wa Tanga, Coventry: Shikamoo dada. Nataka kuelewa kuhusu zile kona za kusimama kando ya barabara kuu (lay-by), pale malori yanaposimama. Kisheria vipi usiku? Nasafiri na bibi, anatumia wilchea ya kusukuma.

Jibu: Marahaba mdogo wangu. Umeuliza vizuri. Kwanza tazama kibao, maana baadhi ya halmashauri zinakataza kulala. Kama barabara ni ya zaidi ya maili 30 kwa saa, sheria inataka uwashe taa za kuegesha usiku kucha, hata ukiwa kwenye kona hiyo, na taa hizo zinakula betri. Barabarani usiku usipaki ukiangalia kinyume cha magari, isipokuwa kwenye nafasi rasmi. La tatu si la sheria, ni la bibi: mshushe upande wa majani, kamwe si upande wa magari. Lori likipita kwa kasi upepo wake unayumbisha kiti chenye mtu. Mimi kwenye kona hizo nanywa chai tu, silali. Bibi anapanda kwa lifti au kwa rampu?

Kijana wa Tanga, Coventry: Rampu ya kukunja, mita 2.

Jibu: Basi nyuma acha mita 4: mbili za rampu, mbili za kumgeuza. Na mshushe kinyumenyume, wewe ukiwa upande wa chini.

Msafiri Huru: Unatisha watu bure. Mimi nalala popote miaka kumi, sijawahi kusumbuliwa.

Jibu: Kaka, wewe ukigongewa usiku unashuka, unaruka kiti cha dereva, unaondoka. Mimi nahitaji dakika 25 kumtoa mume wangu kitandani na kumfunga mikanda. Sijasema watu wasisafiri. Tumefika mpaka Isle of Skye. Nimesema wapange.

Mama wa Watatu: Dada, kambi moja walinitoza zaidi kwa kunipa nafasi karibu na choo, na mwanangu anatumia wilchea. Ni halali?

Jibu: Kama ulipewa karibu kwa sababu ya ulemavu, sivyo. England, Welisi na Uskoti kuna Equality Act ya 2010: mtoa huduma anatakiwa afanye marekebisho ya kadiri, na gharama yake asimtwishe mwenye ulemavu. Waandikie barua pepe kwa upole, taja sheria hiyo, omba warudishe tofauti. Mimi nilirudishiwa mara moja kwa barua ya mistari minne.

Fundi Umeme: Nami nilipata karatasi ya faini, nusu ya tairi ilikuwa nje ya mstari. Nilipe?

Jibu: Tazama imetoka kwa nani. Ya halmashauri inaitwa Penalty Charge Notice; ukilipa ndani ya siku 14 kwa kawaida ni nusu, na ukitaka kuipinga usipitishe siku 28. Ya kampuni binafsi ni dai la mkataba. Usiipuuze: pinga kwanza kwa kampuni yenyewe, wakikataa kata rufaa kwa waamuzi wa maegesho binafsi, POPLA au IAS, kulingana na chama cha kampuni hiyo. Weka picha ya Blue Badge, ya mstari, na ya lifti ikiwa imeshuka.

Fundi Umeme: Shukrani. Kwa kubadilishana: betri ya lithiamu inakubali kutumiwa mpaka karibu 80%, na ni nyepesi sana kuliko ya risasi. Kwa tani 3.5 zenu hizo kilo mtazihitaji.

Jibu: Hili nimelinakili. Asante sana.

Binti wa Northampton: Mama, baba yangu ni kiziwi na hatembei vizuri. Usiku akibaki peke yake garini, mtu akigonga hasikii. Nafanyaje?

Jibu: Mwanangu, umenikumbusha jambo ambalo sikuliandika. Tuma neno "register" kwenda 999, namba ya dharura, kwa simu yake, leo, ufuate maelekezo mpaka usajili ukamilike. Baada ya hapo ataweza kuita msaada kwa maandishi. Moshi: kuna kengele zenye kipande kinachotetemeka chini ya mto, nunua hiyo. Mlangoni bandika karatasi kwa Kiingereza kwamba ndani kuna kiziwi, wamulike tochi dirishani wasigonge. Na ukifika mahali, mwandikie jina la mahali na namba ya nafasi karibu na kitanda.

Bwana Jamvi: Kwenye nyasi zenye matope sisi tunatandika jamvi la zamani chini ya lifti. Linasaidia?

Jibu: Kwa kiti cha kusukuma, ndiyo. Kwa kiti cha mota linajikunja kwenye gurudumu, mimi lilinikwamisha. Tumia mbao za plaiwudi.

Bwana Jamvi: Za ukubwa gani?

Jibu: Milimita 18, mbili, kila moja mita 1.2 kwa sentimita 60. Toboa tundu kwenye kona upitishe kamba, utazivuta kutoka kwenye matope bila kuinama. Jamvi liweke ndani, mlangoni, la kufutia magurudumu.